Kusifia kwa Kihispania: umwambie nani nini, na wewe ukisifiwa unajibuje

Dereva wa Nyika

Wakuu, salaam.

Kuna dogo wa kazini anaanza kuendesha wageni msimu huu. Kaniomba nimwandikie sentensi za kuwasifia Wahispania. Nimeona nikimtumia WhatsApp itaishia kwake, bora niimwage hapa. Julai na Agosti ndiyo wanamiminika, na wengi wao wako fungate: Serengeti, Ngorongoro, halafu wanamalizia Zanzibar. Anayesubiri wageni hao huku Arusha bila maneno ya kuwapaka mafuta kidogo anajinyima mwenyewe.

Nianze na mahali wanafunzi wengi wa Kihispania wanapogonga mwamba, ingawa sisi Waswahili hatuna sababu ya kugonga. Wao wana vitenzi viwili, *ser* na *estar*, na vyote Mwingereza anavitafsiri kwa neno moja. Sisi tayari tunatofautisha. Ukimwambia mtu "wewe ni mzuri" umesema ya kwako mazito. Ukimwambia "umependeza" umemsifia alivyotoka leo, na hata shemeji yako unaweza kumwambia mbele ya kaka yako. *Eres guapa* ni ile ya kwanza. *Estás guapa* ni "umependeza".

Sasa chukua mfano. Jioni mgeni ameoga, ametoa vumbi la siku nzima, anakuja mezani na gauni. Unasema *¡qué guapa estás!* na mumewe anacheka, pengine anaongeza lake. Lakini *eres muy guapa*, saa kumi na mbili asubuhi, wewe umeshika usukani na yeye kakaa kiti cha mbele? Utamwona mume anakutazama kwenye kioo mpaka lango la Naabi, Serengeti.

Usikoleze neno *hoy*, yaani leo, mwanzoni mwa sentensi. "Leo umependeza" kwao kama kwetu inaacha swali la jana.

Mtego wa pili ni *bueno*. Chakula *está bueno, está buenísimo*, sema kwa sauti mpishi asikie. Mtu *es buena*, ni mtu mwema. Ila *estás buena* kwa mwanamke ni lugha ya kijiweni, unasifia mwili wake na kila mtu mezani ataelewa hivyo. Herufi ni zilezile ulizotumia kwa supu dakika mbili zilizopita.

Wa tatu ndio umewaponza vijana wengi. *Me gusta tu país*, naipenda nchi yako. *Me gusta tu sombrero*, naipenda kofia yako. Sasa kijana anataka kumwambia mgeni kwamba amemkubali kama mtu, anajenga mwenyewe: *me gustas*. Hapo umemtongoza. Usemi unaoutaka ni *me caes bien*. Ukiutazama neno kwa neno ni kama "unaniangukia vizuri", na wala usihangaike na mantiki yake. Mzee, kijana, mke wa mtu, padri, wote unaweza kuwaambia.

Sifa zenyewe hazihitaji sarufi nyingi. *Qué* mbele ya kivumishi inatosha: *¡qué bonito!* kwa kitu au mandhari, *¡qué rico!* kwa chakula. Nguo usiseme tu ni nzuri, sema ilivyomkaa: *te queda genial*. Hii naipenda kuliko zote kwa sababu inampa mtu sifa ya kuchagua vizuri, na hata bibi wa miaka 75 anaipokea bila kujiuliza unatafuta nini. Mpishi naye: *te ha salido riquísimo*, kimekutokea kitamu sana. Angalieni tu jinsia, *guapo* kwa mwanamume, *guapa* kwa mwanamke. Kumwita mzee wa watu *guapa* ni kicheko cha safari nzima.

Usemi wa kuepuka kwa wageni watu wazima: *te conservas muy bien*. Wao wenyewe huambiana, lakini ina ladha ya kumwambia mtu hajaoza bado. Kuna nzuri zaidi, *por ti no pasan los años*, kwako miaka haipiti.

Nimeishia hapo. Wanaoishi huko waje warekebishe, mimi Kihispania changu ni cha kwenye gari.

Kijana wa Himo

Mkuu, hiyo ya kioo mpaka Naabi nimeielewa sana 😂

Swali: mbona kwenye tamthilia za Kimeksiko wanaume wanamwaga *mi amor, mi vida, mi reina* (mpenzi wangu, maisha yangu, malkia wangu) kwa kila mtu?

Mkazi wa Ruzafa

Niko Valencia, niongezee.

Dereva kasema kweli kwa meza ya wageni, lakini msidhani *guapa* huku ni neno zito. Nenda sokoni Jumamosi, foleni ya samaki. Muuzaji mwanamama ana aproni ya plastiki, mikono imelowa, magamba mpaka kwenye viwiko, anamwita kila mteja: *dime, guapa, ¿qué te pongo?* Niambie mrembo, nikupimie nini? Mbele yako ameitwa hivyo bibi mwenye mkongojo, nyuma yako ataitwa kijana mwenye vipele vya ujana, *guapo*. Wengine wanapokea *reina, cariño, corazón*. Hakuna anayetongozwa. Ni sawa na muuza nyanya wa Kariakoo anavyokuita "mpenzi wangu njoo".

Ukitoka hapo ukaenda Sevilla wiki ya Pasaka, usiku wa kuamkia Ijumaa Kuu wanaouita *la Madrugá*, sanamu ya Bikira Maria wa Macarena inabebwa mabegani barabarani, mishumaa mbele, bendi nyuma, na watu wazima wanalia wakipiga kelele *¡guapa! ¡guapa! ¡guapa!* Hiyo ni ibada. Neno lilelile la foleni ya samaki.

Halafu toka tena: mwanamume kwenye gari, kioo kimeshushwa, anamrushia msichana anayepita *¡guapa!* Hapo msichana anaharakisha mwendo. Kwa hiyo ukiniuliza neno gani ni salama, nitakuuliza uko wapi, umesimamaje, na yeye anaweza kukujibu au hawezi. Mama wa samaki unaweza kumjibu. Yule wa kwenye gari ameshaondoka.

Kijana wa Himo

Mkazi, hapo kwa mama wa samaki unajibu nini sasa?

Mkazi wa Ruzafa

Unaagiza samaki.

Mtoto wa Tandika

Mimi nipinge kidogo. Hawa watu *piropo*, yaani sifa za kumrushia mwanamke barabarani, ni utamaduni wao. Mwanamume wa Andalusia, kusini mwa Hispania, anajulikana kwa kutunga sifa papo hapo, ni kama mashairi, na wanawake walikuwa wanafurahia. Leo kila kitu kimekuwa unyanyasaji.

Nyota ya Pwani

"Walikuwa wanafurahia" umeambiwa na nani, kaka yangu? Nakaa mapokezi ya hoteli huku Nungwi, Wahispania nawapokea kila wiki. Wanawake wao wakikaa kwenye baraza jioni wakizungumza kuhusu mambo ya barabarani, hakuna anayesema alifurahia. Wanachosema ni kwamba walikuwa wanavuka barabara.

Mtoto wa Tandika

Bi dada, sijasema wote.

Msomi wa Kona

Tandika, na hilo la "leo" pia si sahihi. Hispania iliwahi kuweka *piropo* kwenye Kanuni ya Adhabu ya mwaka 1928, enzi za dikteta Primo de Rivera: mwanamume anayemsumbua mwanamke barabarani kwa ishara au maneno alikuwa anaweza kupigwa faini au kuwekwa ndani siku chache. Kanuni ile ilifutwa mwaka 1931 Jamhuri ilipoingia. Kwa hiyo malalamiko yana karibu miaka mia.

Kwa sasa hali ni hivi. Peru ina Sheria namba 30314 ya mwaka 2015 kuhusu unyanyasaji wa kijinsia maeneo ya umma. Chile walitunga yao mwaka 2019, namba 21.153. Argentina mwaka huohuo wa 2019 waliingiza unyanyasaji wa barabarani kwenye sheria yao ya kuwalinda wanawake. Hispania ikafuata mwaka 2022 kwa sheria wanayoiita *solo sí es sí* (ndiyo pekee ndiyo ndiyo), iliyoongeza kwenye Kanuni ya Adhabu maneno na vitendo vya kingono vinavyomdhalilisha au kumtisha mtu. Siyo kwamba ukisema *qué guapa* unafungwa. Kinachoangaliwa ni hali uliyomweka mwenzako.

Kuhusu mashairi ya Andalusia, yapo, sikatai. Ila ukisikiliza vizuri, sifa kubwa kule Sevilla na Cádiz haihusu sura kabisa. Ni *¡qué arte tienes!*, una sanaa wewe! Umejibu jambo kwa mzaha mzuri, umeimba, umekaanga samaki vizuri, umepiga hadithi watu wakashika mbavu: *qué arte*. Kwenye muziki wa flamenco wanaokaa pembeni kazi yao ni kurushia wasanii maneno katikati ya mapigo, *¡olé!*, *¡agua!*, *¡toma!* Wanaita *jaleo*, na asiyejua mahali pa kuyaweka anaharibu wimbo. Waliokaa kwenye taarab pwani watanielewa haraka.

Mpenda Kabumbu

Nyie mmekaa kwenye magauni, mimi niwape za kibanda umiza.

Goli kali *golazo*. Mechi kali *partidazo*. Mchezaji wa maana *jugadorazo*. Unabandika *-azo* tu. Kipa kapangua mpira wa kona ya juu, *paradón*. Mwenzako kapiga mashuti mazuri mazoezini, *te has salido*, yaani kapitiliza kiwango. Wanaume wa Hispania wanasalimiana kwa sifa hizihizi: *¿qué pasa, crack? máquina, fiera, figura*. Eti mashine, mnyama mkali. Ofisini asubuhi, mtu hajafanya lolote bado, anaitwa *máquina*.

Na wakiwa marafiki wa karibu wanasifiana kwa matusi. Mtu kapiga goli anaitwa mtoto wa nani sijui huku anakumbatiwa. Hizo muwaachie wenyewe.

Dereva wa Nyika

Kabumbu kamaliza. *Eres un crack*, wewe ni bingwa, ndiyo nasikia sana chui akipatikana juu ya mti. Dogo, andika hiyo.

Msaidizi wa Dallas

Niaje wadau. Mimi ni Mkenya, nafanya jikoni kwenye makao ya wazee huku Dallas, na wenzangu wengi ni Wameksiko, Wakolombia na Wadominika. Kihispania cha Amerika kina mambo yake, msije mkachukua ya Hispania mkayabeba yote.

Kwanza *guapo*. Kwa Mdominika au Mpuertoriko, *está guapo* ni kusema amekasirika, amewaka. Ukimwambia Mdominika kwamba bosi wake *está guapo*, atauliza nani kamuudhi. Wao mwanamume mtanashati ni *buenmozo*, na mwanamke ni *linda*. Wameksiko hawasemi sana *estás*, wanasema *te ves muy bien*, unaonekana vizuri. Kitu kizuri ni *qué padre*, kikizidi *padrísimo*. Mkolombia atasema *chévere*. *Chulo* Hispania ni kitu kizuri, lakini mtu akiitwa *chulo* huko ni jeuri au mbaya zaidi, ilhali huku Mmeksiko anamwita mjukuu wake *chulo* kwa mapenzi.

Pili, ukisifu kitu cha mtu. Nilimsifia mama mmoja Mkolombia hereni zake, akajibu *a la orden*, kana kwamba niko huru kuzichukua. Ni adabu tu. Ukinyoosha mkono kuzipokea umejifanyia aibu. Mmeksiko wa kizamani atakwambia *favor que me haces*, yaani wema ni wako wewe uliyesifu. Na akikueleza anakoishi anasema *ahí tienes tu casa*, pale ndipo nyumbani kwako. Usihamie.

Tatu, ngozi. Wakenya wenzangu wageni wakifika hapa wanashtuka wakisikia *mi negra, negrito*, yaani mweusi wangu, kijeusi. Kuna Mkolombia humwita mkewe *mi negra* na mkewe ni mweupe kuliko sahani. Kwao ni neno la mahaba. Mimi likitoka kwa mama mzee wa jikoni anayenisukumia sahani ya wali na maharagwe naitika. Likitoka kwa kijana nisiyemjua dukani siitiki. Hapo kila mtu aamue na moyo wake, msilazimishwe kulipenda kwa sababu eti ni utamaduni.

Nyota ya Pwani

Dallas, na watoto je? Maana huku kwetu ukimsifu mtoto wa mtu bila mashaallah, mama anamvuta mtoto kwake.

Msaidizi wa Dallas

Dada, hiyo iko vilevile! Wanaita *mal de ojo*. Mmeksiko au Mguatemala ukimtazama mtoto wake sana ukasema ni mzuri, anataka umguse, kichwani au mkononi, ndipo sifa isimdhuru. Usipomgusa, usiku akilia wewe ndiye umetajwa. Wadominika na Wavenezuela wanasema *Dios lo bendiga*, Mungu ambariki, hapohapo baada ya sifa. Watoto wachanga wanavalishwa kikuku chenye jiwe jeusi, *azabache*. Nikimwona nasema *qué lindo, Dios lo bendiga*, namgusa kidole, mambo yanaisha.

Nyota ya Pwani

Mashaallah. Basi hao ni ndugu zetu.

Niwaongezee ya hotelini. Sifa ambayo Wahispania wanaipenda zaidi wakishakaa Zanzibar siku nne tano ni *¡qué morena estás!* Umekuwa mweusi! Wanalala juani makusudi, wanageuzana, jioni wanalinganisha mikono mezani. Mara ya kwanza wenzangu mapokezi walidhani wanasutana. Na nyingine: *estás más delgada*, umepungua. Kwao ni pongezi kubwa. Sasa kuna mzee wetu wa bustani, mtu wa zamani, mgeni aliyewahi kuja akirudi yeye anamsifu kwa Kiswahili, "Umenenepa, umependeza!" Namwomba Mungu asiniite kutafsiri. Akiniita namwambia mgeni *dice que estás estupenda*, anasema umependeza sana, na hapo sijadanganya, maana ndicho alichokusudia.

Mtoto wa Tandika

😂😂 Nyota umeniua. Nimeshusha mikono kuhusu piropo, nipe basi na mimi jibu. Mwanamke wa Kihispania akinisifia nguo najibuje? Maana *gracias* peke yake naona kavu.

Mkazi wa Ruzafa

*Gracias* haina kosa, lakini wenyewe hawaishii hapo. Mhispania ukimsifia shati anakwambia lina miaka mingapi na alilinunua bei gani. *¿Esto? Si es viejísimo. Cinco euros en el mercadillo.* Hili? Mbona la zamani, euro tano gulioni. Yaani ni "mtumba tu huu" ya kwetu, tofauti ni kwamba wao bei wanaitaja kwa fahari, kadiri ilivyo ndogo ndivyo wanavyovimba. Wengine watasema *qué va*, wapi bwana. Wazee wana nzuri kuliko zote: *tú, que me miras con buenos ojos*. Ni wewe tu unayenitazama kwa macho mema.

Wewe Tandika sema *¿te gusta? Gracias, tú también estás muy guapa*, halafu nyamaza. Hiyo ya kunyamaza ni muhimu kwa upande wako.

Kijana wa Himo

Na wakisema *¡qué bien hablas español!*, unaongea Kihispania vizuri kweli? Mimi nina sentensi sita tu na wanasema hivyo.

Dereva wa Nyika

Wanasema kwa kila anayejaribu, ni ukarimu wao, usije ukaacha kusoma. Jibu *qué va, me falta mucho*, bado sana. Watakukatalia, *que no, que no, hablas fenomenal*, na mazungumzo yameshaanza. Mimi hapo ndipo nawatajia majina ya ndege, maana wakishacheka wanasikiliza.

Kijana wa Himo

Sawa mkuu. Moja la mwisho: safari imeisha, uwanja wa ndege KIA wananiandikia WhatsApp *gracias por todo, eres un sol*, asante kwa yote, wewe ni jua. Najibu nini?

Dereva wa Nyika

*Gracias a vosotros, sois majísimos.* Hiyo kwa Wahispania, *majo* ni mtu mzuri wa kukaa naye, haina utata wowote. Hapo tumia *ser* bila woga, unasema walivyo. Wakiwa Wameksiko au Wakolombia *vosotros*, yaani "ninyi" ya Hispania, iache, andika *gracias a ustedes, son lindísimas personas*.

Na uwatumie zile picha za chui kabla hawajapanda ndege.